Mwekezaji anataka kutujengea soko na paki ya taksi kwa miaka 30: tuukague vipi ubia huu?

#1 Mpangaji wa Mji

Salaam, wanajamvi. Mimi ni mtumishi wa idara ya mipango katika manispaa moja ya mashariki mwa Uganda, ambayo sitaitaja kwa sababu mnazoweza kuzikisia. Mwezi uliopita tulipokea andiko la kurasa 46 kutoka kwa kampuni inayotaka kutujengea soko la ghorofa mbili pamoja na paki mpya ya taksi (hizi za abiria 14) kwa fedha zake yenyewe, iviendeshe kwa miaka 30 ikikusanya ushuru, kisha iturudishie. Manispaa haitoi chochote isipokuwa ardhi. Madiwani wamefurahi kiasi kwamba mmoja wao ameshaanza kuwaahidi watu vibanda.

Mimi sijafurahi, na nina dai moja ambalo nataka mlipinge kama mnaweza: katika miradi ya ubia kati ya serikali na sekta binafsi, sisi Waganda tunajua kutia saini, lakini hatujui kuishi na mkataba tuliousaini. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, katika kurasa hizi 46 nitafute nini kwanza?

#2 Kalamu ya Jinja

Ndugu Mpangaji, dai lako lina ukweli nusu. Nimezaliwa kilomita chache kutoka Bujagali, kwa hiyo nitaanza na bwawa hilo la umeme, ambalo wengi hulitaja kama mfano wa mkataba mbaya bila kukumbuka lilivyozaliwa. Kampuni ya Kimarekani ya AES ilihangaika nalo tangu miaka ya 1990 na ikajitoa 2003. Ukaja ukame, maji ya Ziwa Victoria yakashuka, na kufikia 2006 nchi ilikuwa katika mgao mkali wa umeme huku mitambo ya dizeli ikikodiwa kwa bei ya kutisha. Ni katika giza hilo ndipo serikali ilipoketi mezani na wabia wapya, Sithe Global ya Marekani na IPS ya mtandao wa Aga Khan. Ujenzi ulianza 2007, na megawati 250 zikakamilika 2012.

Mwenye njaa hana miiko. Tatizo letu halikuwa kuishi na mkataba, bali lilikuwa katika siku ya kuuandika: upande mmoja wa meza ulikuwa na muda wa kusubiri, na upande wa pili ulikuwa unawasha mishumaa.

#3 Mhasibu Mstaafu

Namheshimu Kalamu, lakini njaa haielezi kila kitu. Kilichoupandisha bei umeme wa Bujagali kwa sehemu kubwa ni gharama ya fedha, si gharama ya zege. Mradi wa namna hii huendeshwa na kampuni iliyoundwa kwa ajili yake tu, ambayo hukopa sehemu kubwa ya mtaji na kuulipa kutokana na mapato ya mradi wenyewe. Mkopo ukiwa wa muda mfupi, marejesho ya kila mwaka huwa makubwa, na yote huingizwa katika bei ya uniti. Ushahidi wake ni huu: mwaka 2018 mikopo ya Bujagali ilipangwa upya ikarefushwa, na Bunge likaisamehe kampuni kodi ya mapato kwa kipindi fulani, kwa kusudi la kushusha bei kutoka karibu senti 13.8 za dola kwa uniti hadi karibu senti 8.3. Maji yalikuwa yale yale na mitambo ile ile. Kilichobadilika ni tarehe za kulipa.

Kwa hiyo, ndugu Mpangaji, jambo la kwanza la kutafuta katika kurasa zako 46 si picha za jengo. Tafuta ukurasa unaosema fedha zinatoka wapi, kwa riba gani, na kwa sarafu gani. Kama ukurasa huo haumo, hujaletewa andiko, umeletewa kalenda.

#4 Dereva wa Malaba

Shikamooni wazee. Mimi naongea kama mlipaji. Barabara ya kulipia ya Kampala hadi Entebbe ni ubia, na kila ninapompeleka mgeni uwanja wa ndege nalipa shilingi 5,000 kwa gari dogo. Nikitoka Munyonyo sina malalamiko, kwa sababu muda ninaoutumia kwenye foleni ya barabara ya zamani unanila mafuta ya zaidi ya hizo 5,000. Yaani wananchi hawachukii kulipa, wanachukia kulipia kitu wasichokiona. Hiyo ndiyo sababu yangu, na ninawaachia wasomi sababu zao.

#5 Wakili Asiye na Joho

Marahaba, Dereva, lakini nikurekebishe. Barabara ile ya kilomita 51 haikujengwa kwa ubia. Iligharimu dola milioni 476, na kati ya hizo dola milioni 350 zilikuwa mkopo kutoka Benki ya Exim ya China, na zilizobaki zikatoka hazina yetu. Ilifunguliwa 2018, na tozo ikaanza Januari 2022 chini ya kampuni ya Kifaransa, Egis, ambayo inaendesha na kukusanya kwa mkataba wa huduma. Magari yakipungua, Egis haifilisiki. Deni ni la serikali, na hasara ya kukosa magari ni ya serikali.

Nasisitiza hili kwa sababu katika mjadala wa Uganda neno "ubia" limekuwa kapu la kila kitu ambacho kuna mzungu au Mchina ndani yake. Ubia ni pale mbia binafsi anapobeba hatari halisi: ya kujenga kwa kuchelewa, ya kukosa wateja, ya mitambo kuharibika. Kama andiko la Mpangaji linaihamishia manispaa hatari zote na kuiachia kampuni ushuru, basi huo ni ukodishaji wa ardhi uliovaa suti.

#6 Kalamu ya Jinja

Naafiki #5 kuhusu jina. Ila wasije watu wakadhani kwamba serikali ikikopa na kujenga yenyewe mambo hunyooka. Chini kidogo ya Bujagali kuna Isimba, megawati 183, iliyozinduliwa 2019 kwa mkopo wa China. Kasoro zake za ujenzi ziliandikwa sana magazetini, na Agosti 2022 maji yaliingia katika jumba la mitambo, bwawa likazimwa kwa majuma kadhaa. Rahisi huvunja upishi. Bujagali ni ghali, nakubali, lakini mwenye nayo halipwi mitambo isipokuwa tayari, na kwa sababu hiyo huilinda mitambo yake kama mboni ya jicho.

#7 Mhasibu Mstaafu

Umegusa penyewe, Kalamu, lakini upande wa pili wa sarafu hiyo hukuugeuza. Halipwi kama mitambo haiko tayari, ndiyo, ila mitambo ikiwa tayari analipwa hata kama umeme wenyewe hautumiki. Tangu Karuma na megawati zake 600 ikamilike 2024, nchi ina umeme mwingi kuliko nyaya za kuufikisha vijijini. Malipo ya utayari yanaendelea, na anayeyalipa ni yule mama wa Kawempe anayenunua Yaka, umeme wa kulipia kabla, ya shilingi 5,000 na kuwasha balbu mbili.

#8 Mzee wa Reli

Nimesoma yote kwa utulivu. Nilifanya kazi ya reli hadi nikastaafu, na naona wote mnazungumzia mikataba iliyofika mwisho au inayokwenda vizuri kiasi. Mimi nitawakumbusha uliovunjika. Mwaka 2006 Kenya na Uganda kwa pamoja ziliikabidhi Rift Valley Railways reli ya zamani kwa miaka 25. Wenye hisa wakabadilika njiani, kutoka Sheltam ya Afrika Kusini hadi Citadel ya Misri. Mwaka 2017 mkataba ukavunjwa upande wa Kenya, na mwaka uliofuata reli ikarudi mikononi mwa serikali upande wetu. Miaka 25 iliisha ndani ya miaka 12 hivi.

Sababu? Kila mtu ana yake. Wapo waliosema mbia hakuwa na mtaji wa kutosha tangu mwanzo. Wapo waliosema serikali mbili haziwezi kumsimamia mtu mmoja. Mimi nasema jambo dogo zaidi, ambalo nimeliona kwa macho katika makabidhiano ya mali za aina nyingi, wala si ya kampuni hiyo pekee: hatuhesabu. Unapomkabidhi mtu karakana, andika kila mashine, namba yake, hali yake, na uipige picha. Siku ya kurudishiwa utapewa mashine yenye umbo lile lile ambayo ndani yake hamna kitu, na usipokuwa na karatasi utabaki kuapa. Mpangaji, ardhi yenu hiyo ina nini juu yake sasa hivi? Mmehesabu?

#9 Bi Ssese

Asanteni kwa darasa. Mbona hakuna anayetaja kilichofanya kazi? Kule kwetu Kalangala mradi wa ubia ulileta vivuko viwili, MV Pearl na MV Ssese, kutoka Bukakata upande wa Masaka hadi Luuku katika kisiwa cha Bugala, pamoja na barabara ya kilomita 66, umeme unaochanganya jua na dizeli, na maji ya bomba. Ukifika Bukakata hukati tiketi. Pikipiki yenye matenga ya kuku, basi, gari la mzigo wa mawese, wote mnapanda bila kulipa, kwa sababu mwenye kivuko hulipwa na serikali kwa kukifanya kiwe tayari, si kwa idadi ya abiria. Nakumbuka tulivyokuwa tukivuka zamani kwa mitumbwi ya mbao, mtu ameshika mtoto kwa mkono mmoja na kopo la kuchotea maji kwa mkono wa pili.

Kwa hiyo malipo ya utayari anayoyalaumu Mhasibu katika #7 ndiyo yaliyotuvusha ziwa. Kama kivuko kingetegemea nauli, watu wa kisiwani tusingekimudu, na mwekezaji asingekuja.

#10 Mhasibu Mstaafu

Bi Ssese, sipingi. Kisiwa hakiwezi kulipa nauli ya faida, kwa hiyo serikali inalipa. Swali langu huwa moja tu: je, kiasi hicho kimeandikwa katika vitabu vya bajeti ya miaka ijayo kama deni linavyoandikwa? Ubia wa namna hiyo ni mkopo usioitwa mkopo. Ukiwa nao mmoja ni sawa, lakini ukiwa nayo ishirini, waziri wa fedha wa mwaka 2040 anakuta mshahara wake umeshatumika.

#11 Muuza Nyanya

Nimekuwa nikisoma tu, lakini kwa kuwa mada ni soko, naomba na mwenye kibanda asikilizwe. Mimi nilihamishwa kutoka soko la chini hadi soko jipya la ghorofa katika mji mmoja ambao nami sitautaja. Waliochora jengo walipanga nguo chini na vyakula juu. Ngazi ni 34, nimezihesabu nikiwa na kreti kichwani. Mteja wa nyanya ni mama anayetoka kazini jioni na mtoto mgongoni, na hapandi ngazi 34 kwa nyanya za shilingi 1,000 wakati kuna mwenzangu amezipanga juu ya gunia nje ya lango. Baada ya miezi minne nusu yetu tulikuwa tumerudi barabarani, askari wa manispaa wanatufukuza asubuhi, tunarudi adhuhuri. Vibanda vya juu vilikuwa vitupu, na ushuru uliotarajiwa haukupatikana.

Si riba iliyoua soko lile, wala si sarafu. Hakuna aliyetuuliza nyanya zinauzwaje.

#12 Mtani wa Dar

Hodi hodi, jirani zenu nimefika. Dada wa #11 amemaliza kila kitu, lakini niwape na la kwetu mjifariji. Mwaka 2003 Dar es Salaam iliikabidhi City Water huduma ya maji kwa miaka 10. Mei 2005 serikali ikauvunja mkataba. Kesi ikafika katika usuluhishi wa kimataifa, na uamuzi wa 2008 ukasema Tanzania ilikosea namna ilivyouvunja, lakini fidia iliyotolewa kwa mwekezaji ilikuwa sifuri. Watu wengi huhesabu hilo kuwa ushindi. Mimi nauliza: miaka yote ile ya mawakili, bomba la Manzese lilipata maji?

Halafu nina swali la pembeni. Ninyi Waganda mnasemwa kwamba Kiswahili hamkipendi, sasa ilikuwaje kampuni yenu ya kusambaza umeme ikaitwa Umeme?

#13 Nyota ya Kaskazini

Mtani, usituchokoze. Kwa miaka 20 hilo ndilo neno la Kiswahili lililotamkwa kila siku katika kila nyumba ya Uganda, mara nyingi likifuatwa na sonyo. Watoto wa Gulu walidhani ni jina la mtu. Na tangu Aprili 2025, kazi iliporudi kwa shirika la serikali la UEDCL, mwalimu mmoja wa Kiswahili amenilalamikia kwamba amepoteza mfano wake bora wa ngeli ya U.

#14 Msimamizi

Tumecheka, turudi kwenye mada tafadhali. Mwenye kuujua mwisho wa mkataba wa Umeme aueleze, kwa sababu unamhusu Mpangaji moja kwa moja.

#15 Wakili Asiye na Joho

Nitaueleza kwa kirefu kidogo, maana hapa ndipo penye somo la miaka 30. Mkataba wa Umeme ulianza Machi 2005 na kwisha tarehe 31 Machi 2025. Kwa vipimo vya kiufundi, kampuni haikufanya vibaya: umeme uliokuwa ukipotea njiani, kwa nyaya mbovu na kwa wizi, ulikuwa asilimia 38 ilipoanza, ukashushwa hadi chini ya 20, na wateja wakaongezeka kutoka chini ya 300,000 hadi zaidi ya milioni 2. Lakini mkataba uliahidi faida ya asilimia 20 kwa mtaji uliowekezwa, kwa hesabu ya dola, na kifungu hicho ndicho kilichowakera wanasiasa mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2005 dola moja ilikuwa karibu shilingi 1,800, na miaka 20 baadaye ilizidi 3,600. Mlipaji wa Yaka hupata mshahara kwa shilingi.

Ukafika mwisho. Mkataba ulisema kwamba mtaji ambao kampuni ilikuwa haijaurejesha hadi siku ya mwisho ungelipwa na serikali. Ni kifungu cha kawaida, kwani bila hicho hakuna mbia angeweka nguzo mpya katika mwaka wa kumi na nane. Lakini kiasi gani? Kwa hesabu iliyohakikiwa na Mkaguzi Mkuu, serikali ililipa dola milioni 118. Kampuni ikadai kiasi cha milioni 292. Shauri likapelekwa katika usuluhishi London. Tofauti kati ya tarakimu hizo mbili haikuzaliwa mwaka 2025. Ilizaliwa kila mwaka ambapo uwekezaji fulani ulifanywa na pande mbili zisikubaliane papo hapo kama unahesabiwa au hauhesabiwi.

Linganisha na Eskom ya Afrika Kusini, iliyoendesha mabwawa ya Nalubaale na Kiira tangu 2003 na kuyarudisha 2023. Makabidhiano yale hayakuleta ugomvi wa ukubwa huu. Nadhani sababu ni kwamba Eskom ilikabidhiwa mitambo iliyokwisha jengwa na haikulazimika kuongeza mtaji mkubwa.

#16 Mzee wa Reli

Ndicho nilichosema katika #8. Hatuhesabu.

#17 Kalamu ya Jinja

Mzee wangu, kuhesabu ni sawa, lakini mnaisahau ardhi. Kampala hadi Jinja kumepangwa barabara ya kulipia ya kilomita 77, na nyingine 18 za kuzunguka kusini mwa Kampala, kwa ubia, IFC, tawi la Benki ya Dunia la sekta binafsi, likiwa mshauri. Nimeisikia tangu nikiwa na nywele nyeusi. Ijumaa iliyopita nimekaa saa mbili kati ya Mukono na Namawojjolo nyuma ya lori la miwa, na nilichopata kutoka kwa ubia huo ni vijiti viwili vya nyama na gonja moja, ndizi ya kuchoma, kupitia dirishani. Mwekezaji hawezi kukopa benki kwa ajili ya barabara ambayo haijasafishwa njia, na njia haisafishwi bila fidia, na fidia inapanda kila mwaka kwa sababu watu wanasikia barabara inakuja. Na kule Nakawa na Naguru, wakazi wa nyumba za zamani za serikali waliondolewa 2011 ili kupisha mji mpya wa ubia, na uwanja ukakaa miaka mingi ukiota nyasi.

Mpangaji anasema "manispaa haitoi chochote isipokuwa ardhi." Ndugu yangu, hiyo ndiyo kila kitu.

#18 Dereva wa Malaba

Kalamu, ukinunua nyama Namawojjolo wewe mwenyewe ndiye unayeongeza foleni.

#19 Mpangaji wa Mji

Nimerudi, na nawashukuru. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nafanya alichosema Mzee: kuhesabu. Andiko linadai kwamba paki itapokea taksi 1,100 kwa siku. Nikaenda kwenye paki ya sasa saa kumi na moja alfajiri na kijana wa ofisi. Tulikuwa na mikebe miwili na maharage. Kila taksi ya abiria 14 ikiingia, harage moja linatoka mkebe wa kwanza kwenda wa pili, maana kuandika vistari gizani kulitushinda. Tulifanya hivyo siku tatu. Jumatatu 388. Alhamisi, ambayo ni siku ya gulio, 611. Jumapili 240.

Nikamuuliza mwakilishi wa kampuni kuhusu 1,100. Akasema ni makadirio ya mwaka wa kumi. Nikaangalia tena: jedwali lao linaanza na 1,100 katika mwaka wa kwanza.

#20 Mhasibu Mstaafu

Maharage hayo yamefanya upembuzi kuliko washauri wengi ninaowajua. Sasa tafuta kifungu kinachoeleza itakuwaje taksi zikiwa 400. Viko vya aina tatu. Cha kwanza kinasema kampuni itabeba hasara. Ukikiona hicho, jiulize kwa nini mtu mwenye akili anakikubali, kwa sababu huenda anakusudia kuja kuomba mkataba ufunguliwe upya baada ya miaka miwili, akijua kwamba hamtaweza kumfukuza mkiwa na jengo nusu. Cha pili kinasema manispaa itafidia pengo. Cha tatu hakitaji fidia kabisa, bali kinakataza manispaa kuruhusu paki nyingine au soko jingine ndani ya umbali fulani kwa miaka yote 30. Hicho husomwa haraka na kutiwa saini haraka.

#21 Mpangaji wa Mji

Cha tatu. Kilomita 5. Mji wetu wote ni kilomita 6.

#22 Muuza Nyanya

Kwa hiyo mimi mwenye gunia nje ya lango nitakuwa nimevunja mkataba wa kimataifa.

#23 Wakili Asiye na Joho

Dada, ndivyo, na askari wataagizwa kwa barua yenye muhuri.

Mpangaji, kabla ya kubishana na kifungu, uliza kama hatua zilifuatwa. Sheria ya Ubia ya 2015 iliunda Kamati ya Ubia na Kitengo cha Ubia ndani ya Wizara ya Fedha, na inataka upembuzi yakinifu unaoonyesha kwamba mradi una manufaa yanayostahili fedha yake na kwamba hatari zimehamia kwa anayeweza kuzibeba. Upembuzi ni wajibu wa mwenye mradi, yaani upande wenu. Andiko la kampuni si upembuzi, hata likiwa na kurasa 460. Iandikieni wizara mapema, na ushindani uwepo. Kampuni iliyoleta wazo ni mshindani mmoja, si mshindi.

#24 Nyota ya Kaskazini

Wakili, kwa heshima, sheria hiyo ina zaidi ya miaka kumi sasa, na bado tunashangazwa na vifungu. Sidhani tatizo ni sheria wala hesabu. Manispaa ikilipa mshauri mzuri, bei yake ni bajeti yake ya barabara ya mwaka mzima. Kampuni ina mawakili wanne na mhandisi, na manispaa ina Mpangaji na mkebe wa maharage. Mshauri wa kukodi huja kusaini, kisha huondoka, na miaka 29 inayofuata inasimamiwa na mtu ambaye hakuwamo chumbani.

#25 Bi Ssese

Lakini mkebe wa maharage ndio uliokamata kosa.

#26 Mzee wa Reli

Bi Ssese kanipendeza. Nyota naye kasema kweli upande wake. Naongeza moja kabla sijalala: Mpangaji, atakayesimamia mkataba huo akiwa mmoja, akihamishwa wilaya nyingine kumbukumbu yote inaondoka naye ndani ya simu yake. Andikeni daftari, liwe mali ya ofisi, na kila barua ya kampuni ijibiwe ndani ya siku zilizotajwa. Katika mikataba hii, barua isiyojibiwa huweza kuhesabiwa kuwa mmekubali.

#27 Mpangaji wa Mji

Nimeusoma ukurasa wa 41 kwa mara ya tatu usiku huu, na kuna jambo. Kuna mstari unaosema kampuni itakusanya "mapato ya huduma shirikishi," bila kufafanua. Katika jedwali la mapato hayamo, kwa hiyo faida wanayotuonyesha, na ile asilimia 3 watakayotupa, imepigwa bila hayo. Nilipompigia mwakilishi akasema ni mabango ya matangazo, maegesho ya magari ya mizigo, na vyoo. Nikadhani ni vitu vidogo.

#28 Muuza Nyanya

Vyoo ni vitu vidogo? Kaka, soko letu lina wauzaji 600 na paki iko mlangoni. Choo ni shilingi 300, na mimi peke yangu naingia mara mbili kwa siku. Abiria wa Mbale na wa Soroti wote hushukia pale pale. Yule anayeshika zabuni ya vyoo katika soko letu amejenga nyumba ya vyumba vitano, nami ninayeuza nyanya bado napanga.

#29 Mpangaji wa Mji

Kesho saa kumi na moja alfajiri tutakuwa mlangoni mwa vyoo. Nimeshanunua kilo moja nyingine ya maharage.